Anza na maji: jinsi ya kuipima chapa ya Hiroshige

Katika mfululizo wa Hiroshige, mchoraji wa Kijapani wa chapa za mbao, wa mandhari mia moja mashuhuri za Edo, mji uitwao Tokyo siku hizi, imo picha ya bwawa la Inokashira na hekalu la Benten, mungu wa kike wa maji na muziki. Ilitoka mwaka 1856. Bwawa lenyewe ndilo lililolisha mfereji wa Kanda, uliowapatia watu wa Edo maji ya kunywa. Nakala zipo nyingi, ila ubora wake haulingani hata kidogo.

Wengi hukimbilia kulitazama hekalu. Mimi nashauri macho yatue kwanza kwenye maji. Paa limechongwa kwenye ubao wa mcheri, na ubao ukiwa mzima kila karatasi italipata. Lakini ile bluu inayokolea upande mmoja na kufifia hadi kupotea haikuchongwa popote. Mchapaji huulowanisha ubao, hupaka rangi pembeni, huivuta kwa brashi, kisha hulaza karatasi juu yake na kuisugua mgongoni kwa baren, pedi bapa ya mviringo iliyofunikwa ganda la mwanzi. Kazi hiyo, Wajapani huiita bokashi, huanzwa upya kwa kila karatasi. Kwenye nakala nzuri huwezi kunyooshea kidole mahali bluu inapokomea. Kwenye nakala mbovu utaona mstari, mabaka, au bluu iliyolala bapa kama rangi ya ukutani: mchapaji aliharakishwa, au mwenye kulipa alibana gharama.

Sasa nenda hekaluni. Mistari iwe myembamba, isiyokatika. Ubao uliotumika mno huchakaa, mistari ikanenepa na kumeguka, na hilo halina dawa. Tundu la mdudu linavumilika. Ukingo uliokatwa ni hasara kubwa zaidi, kwani pembezoni ndiko inakokaa mihuri ya mchapishaji na ya mkaguzi wa serikali.

Halafu igeuze. Karatasi ya gome la kozo, mti wa jamii ya mforosadi, hunywa rangi, kwa hiyo bluu huonekana hata nyuma. Mgongo ukiwa mweupe pee, shika lenzi: vitone vilivyojipanga safu ni kazi ya mashine. Nakala zilizochongwa upya kwa mkono karne ya 20 huufaulu mtihani huu. Ni kazi ya heshima, mradi iuzwe kwa jina lake.

Muuzaji akikataa kuitoa kwenye fremu uuone mgongo, usinunue.