Mwendo Mmoja: Tahakiki ya Maelezo ya Mtikisiko wa Daraja la Milenia

Daraja la Milenia, livukalo mto Thames mjini London, lilifunguliwa tarehe 10 Juni, 2000, na siku mbili baadaye likafungwa, kwani liliyumba upande kwa upande chini ya miguu ya umati. Makala mashuhuri yaliyotungwa kueleza jambo hilo ni ya Steven Strogatz na wenziwe wanne, yaliyotokea katika jarida la Nature mwaka 2005.

Hoja yao ni hii. Kila mpita njia ni kama saa yenye mwendo wake, na daraja ndilo liunganishalo saa hizo zote kuwa mtandao mmoja. Daraja likiyumba kidogo, baadhi ya watu hufuatisha hatua zao. Hatua hizo hulisukuma zaidi, na wengine hufuata. Wakiwa chini ya 160 hivi, daraja hutulia. Wakizidi, mpango huzuka kwa ghafula. Nasaba ya hoja hii ni njema: yatoka kwa Christiaan Huygens, aliyeona mwaka 1665 saa mbili za timazi zikipatana bila kushikwa na mtu, ikapitia milinganyo ya Yoshiki Kuramoto ya mwaka 1975. Sifa yake ni uchache wa maneno na uwezo wa kueleza ughafula ule.

Lakini kasoro yake imo katika chanzo. Mwaka 2008 John Macdonald alieleza vipimo vya daraja la Clifton, Bristol, ambalo liliyumba ingawa hatua za watu hazikupatana na mwendo wake. Mwaka 2021 Igor Belykh na wenziwe walionyesha kwa hesabu ya kuwa mtu ajitahidiye asianguke huweka mguu kando, na kwa wastani msukumo wake huongeza mtikisiko, hata kila mmoja akiwa na mwendo wake mwenyewe. Miongoni mwao alikuwamo Allan McRobie, aliyekuwa pia mmoja wa waandishi wa mwaka 2005. Kwa hiyo mwendo mmoja waweza kuja baadaye, kama tunda, wala si mbegu.

Hapa Kiswahili chaweza kumsaidia msomaji. Kulingana ni hali tu. Kuvutana ni tendo. Hatua za watu elfu zaweza kulingana pasipo mmoja kumvuta mwenziwe. Istilahi ya Kizungu hufunika yote mawili kwa neno moja, na mfasiri atakayelipokea bila kulipasua atapokea na dai lisilothibitishwa.

Wala tofauti hii si ya maneno matupu. Mhandisi aaminiye kwamba hatari huanzia katika mwendo mmoja atajiona salama mradi daraja lake haliyumbi kwa kasi ya hatua za watu, Clifton yamkanusha. Tena, dawa ya Daraja la Milenia, yaani vifaa 37 vya majimaji na 52 vya uzito juu ya springi, haikungoja nadharia hiyo. Ilijengwa juu ya kipimo cha nguvu ya msukumo wa watu, na daraja likafunguliwa tena Februari, 2002. Makala ya mwaka 2005 yastahili kusomwa kwa uzuri wake. Lakini uzuri wa mfano si ushahidi wa chanzo, na anayetaka kuutawala mtandao hana budi kwanza kujua ni kipi kinachousukuma.