Saa ya Kujaa na Kupwa

Saa hii ina mshale mmoja tu. Juu, mahali pa kumi na mbili kwenye saa ya kawaida, fundi ameandika KUJAA kwa wino mweusi. Chini ameandika KUPWA. Upande wa kulia namba zinashuka kutoka tano hadi moja: ni saa zilizobaki maji yapwe. Upande wa kushoto ni zilizobaki yajae. Mshale huzunguka mara moja kwa saa 12 na dakika 25, kwani mwezi hurudi pale pale angani kila baada ya saa 24 na dakika 50 hivi, na pwani yetu hujaa mara mbili katika muda huo.

Ukimpelekea fundi huyu wa Mji wa Kale, Mombasa, saa ya namna hii, usitarajie kuondoka nayo. Ataiweka kwenye rafu bila betri mpaka mwezi uandame au uwe mpevu. Siku hizo jua na mwezi huvuta pamoja, na bamvua linapoingia maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni. Maji mafu hayafai: yanapanda kidogo, na saa ya kujaa huweza kuruka zaidi ya saa nzima toka leo hadi kesho.

Alasiri ya bamvua anashuka ngazi za bandarini na chaki mkononi. Maji yanapokaribia kusimama, anachora mstari kwenye jiwe, juu kidogo ya yalipofika, kisha anaketi. Saa tisa na dakika arobaini yanaugusa mstari na kuupita. Nilidhani sasa atatia betri.

“Bado, mwanangu. Yamepanda tu, hayajajaa.”

Maji yaliyojaa hukaa kitambo bila dalili, na jicho haliwezi kusema ni dakika ipi yamegeuka. Kwa hiyo hakisii kilele. Anasubiri yarudi. Saa kumi na nusu mstari unatoka tena, umefifia lakini unasomeka. Anagawa muda huo katikati: yalijaa saa kumi na dakika tano. Dakika ishirini na tano zimeshapita, basi anazungusha gurudumu dogo mgongoni mwa saa mpaka mshale uvuke KUJAA kwa chini kidogo ya nusu ya nafasi ya saa moja. Ndipo anapotia betri. Kazi ya vidole haikufika dakika moja.

Adui aliyebaki ni chumvi. Kila baada ya miezi kadhaa anafungua kifuniko, anasugua kutu ya kijani kwenye vibati vya betri kwa pamba yenye siki, anakausha, anapaka mafuta ya mgando kiasi cha ncha ya kiberiti. Betri iliyochoka haiachi ndani ivuje. Kisha anasubiri bamvua jingine, ashuke tena na chaki.

Hata ikitiwa majira hivyo, saa hii hupishana na bahari kwa nusu saa au zaidi kati ya bamvua moja na jingine, na upepo haiujui kabisa. Kwa kupanga matembezi ya ufukweni inatosha. Mwenye kupitisha chombo mlangoni mwa mwamba atazame jedwali la maji la bandari.