Mpiga Mbiu na Dalali: Uhakiki wa Kazi ya Alan Freed

Kazi ya mtangazaji wa muziki ni taabu kuihakiki. Mshairi huacha diwani, mwimbaji huacha santuri, bali mtangazaji huacha sauti iliyokwisha pita hewani. Kwa sababu hiyo waandishi aghalabu humpima kwa umaarufu wake au kwa aibu yake. Katika makala haya nakusudia kumpima mtangazaji mmoja wa Marekani, Alan Freed, kwa kipimo kingine: alisema kwa niaba ya nani, na je, msikilizaji wake alijua?

Kipimo hicho nimekitoa katika desturi zetu wenyewe. Wako watu wawili ambao kazi yao ni kupaza sauti mbele ya watu. Wa kwanza ni mpiga mbiu. La mgambo likilia kuna jambo, na jambo lenyewe ni la mji mzima. Mpiga mbiu hana faida yake ndani yake. Wa pili ni dalali. Huyu husifu mali ya mtu ili inunuliwe, naye hupata ujira wake. Hapana aibu katika udalali, maana kila asimamaye mnadani ajua kwamba anayemsikia ni dalali, naye huzipunguza sifa zile kwa kadiri ya akili yake. Aibu huingia pale dalali anaposhika pembe ya mpiga mbiu, watu wakamsadiki kwa heshima ya pembe.

Freed alizaliwa mwaka 1921 katika jimbo la Pennsylvania. Mwaka 1951 alikuwa mtangazaji wa kituo cha WJW katika mji wa Cleveland. Mwenye duka moja la santuri mjini humo, Leo Mintz, aliona kwamba vijana, hata wa Kizungu, walikuwa wakinunua kwa wingi muziki wa Wamarekani weusi, ambao vituo vingi vya redio havikuupa nafasi. Akamshawishi Freed aupige usiku, na duka likakidhamini kipindi. Basi tangu mwanzo palikuwa na duka nyuma ya kikuza sauti. Lakini duka lilijulikana, na msikilizaji hakudanganywa. Huo ulikuwa udalali wa mchana kweupe.

Nguvu ya sauti ile ilidhihirika tarehe 21 Machi 1952. Freed na wenzake walitangaza dansi katika ukumbi wa Cleveland Arena, uliotosha watu wapatao 10,000. Kwa makadirio walifika 20,000. Milango ikavunjwa, na wakuu wa mji wakaisimamisha dansi kabla haijaendelea sana. Mwaka 1954 alihamia kituo cha WINS mjini New York, na huko akalieneza jina la rock and roll. Maneno hayo hakuyabuni yeye, kwani yalikuwamo katika nyimbo za Wamarekani weusi zamani. Kazi yake ilikuwa kuyafanya yawe jina la muziki ujulikanao na kila kijana.

Katika miaka hiyo alitenda jambo linalostahili sifa. Ilikuwa desturi ya makampuni kuzitwaa nyimbo za waimbaji weusi na kuwapa waimbaji wa Kizungu waziimbe upya, na santuri hizo za pili ndizo zilizopewa nafasi kubwa hewani. Freed alipendelea kupiga za asili. Hapo alikuwa mpiga mbiu kweli: alilitangaza lililokuwapo, na akamtaja mwenyewe.

Lakini ni katika jambo hilo hilo la kumtaja mwenyewe ndipo alipoanguka. Mwaka 1955 Chuck Berry alirekodi wimbo wa “Maybellene” kwa kampuni ya Chess ya Chicago. Freed aliupiga mara nyingi, ukavuma. Santuri ilipotoka, watungaji waliotajwa walikuwa watatu: Berry, Freed, na Russ Fratto, mtu aliyekuwa na uhusiano wa kibiashara na kampuni. Berry alieleza baadaye kwamba hao wawili hawakutunga kitu, wala yeye hakuarifiwa. Hivyo haki ya mtungaji ikagawanywa, na kila Freed alipousifu wimbo huo hewani alikuwa akiisifu mali iliyoandikwa jina lake, na msikilizaji hana habari.

Msomaji aliyelelewa katika ushairi wa Kiswahili hahitaji kuelezwa uzito wa kosa hili. Katika tenzi zetu nyingi mtungaji hutaja jina lake katika beti za mwisho, ili watu wajue ni nani wa kulaumiwa na ni nani wa kuombewa dua. Kuliingiza jina la mwingine pale si sawa na kupokea bahashishi. Dalali anayekula ujira wa ng’ombe bila kusema ana kosa. Anayedai kwamba ng’ombe amezaliwa zizini mwake ana kosa kubwa zaidi.

Dunia ilimhukumu Freed kwa lile dogo. Mwaka 1959 Bunge la Marekani lilianza kuchunguza mlungula ambao makampuni ya santuri yaliwapa watangazaji. Mnamo Novemba kituo cha WABC, alikokuwa wakati huo, kilimtaka atie sahihi kwamba hakupokea kitu, akakataa, akafukuzwa. Mwaka 1960 sheria ilitungwa. Nayo haikukataza malipo yenyewe, ila ilikataza kuyaficha: aliyelipwa apige wimbo, na atangaze kwamba kumelipwa. Kwa maneno mengine, dalali na ajiseme kuwa dalali. Mwaka 1962 Freed alikiri makosa mawili ya hongo ya biashara kwa sheria za New York, akatozwa dola 300. Alifariki tarehe 20 Januari 1965, umri wake miaka 43.

Watetezi wake husema alitolewa kafara, kwa kuwa wengi walipokea kama yeye. Ni kweli walipokea, lakini wingi wa wakosaji haufuti kosa. Wapinzani wa siku zile walisema kwamba muziki wenyewe ulipendwa kwa nguvu ya hongo tu. Hao walikosea zaidi. Hongo yaweza kuufikisha wimbo sikioni. Haiwezi kuukalisha moyoni. Watangazaji wale waliondoka, na nyimbo zikabaki.

Mimi naona hukumu iliyo sawa ilikuja kimya kimya, katika mwaka 1986. Mwaka huo Freed na Berry wote wawili walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuingizwa katika jumba la heshima la muziki ule, Freed kwa kazi ya kutangaza, Berry kwa kazi ya kutunga na kuimba. Na mwaka huo huo majina ya Freed na Fratto yaliondolewa katika “Maybellene”, akabaki mtungaji peke yake. Freed hakupungukiwa na kitu chake kwa kuondolewa huko. Heshima ya kuwa ameufikisha wimbo masikioni mwa watu ilikuwa yake tangu awali, nayo ilimtosha.