Behewa Lisilobeba Kitu

Bahasha ilikuwa nyepesi kiasi kwamba nilidhani ni kadi. Rafiki yangu aliyeko Marekani alikuwa amenitumia vipande vya plaiwudi nyembamba vilivyokatwa kwa leza, pamoja na karatasi moja ya maelekezo. Ukivibandua na kuviunganisha kwa gundi, unapata behewa la mizigo la futi 40, la zama zile mabehewa ya Kimarekani yalipokuwa ya mbao. Kipimo chake ni 1 kwa 160, kwa hiyo urefu wake ni milimita 76 hivi. Linakaa kiganjani.

Nililijenga hapa Kilolo, mwezi wa saba, jioni nne mfululizo, ukungu ukiwa mlangoni na jiko la mkaa miguuni. Naliandikia tahakiki kama ambavyo ningekiandikia kitabu, kwa sababu lina mtunzi, lina mtazamo, na kuna mambo ambayo limeamua kuyaacha.

Nianze na ufundi. Leza hukata mbao kwa kuiunguza, na upana wa mkato wake ni sehemu ndogo tu ya milimita moja. Ndiyo maana kila ulimi unaingia kwenye tundu lake bila kulazimishwa, kazi ambayo seremala mzuri angehangaika nayo kwa patasi kutwa nzima. Kingo hutoka nyeusi na hunukia moshi. Ukizipiga msasa kwa pupa, ulimi unalegea na kona haikai tena kwenye pembe mraba. Ukipaka rangi upande mmoja tu, plaiwudi inakunywa maji upande huo na kujikunja. Hilo nililijua asubuhi ya pili, nilipokuta ukuta wa behewa umepinda kama jani kavu. Karatasi ilikuwa imeonya. Mimi ndiye niliyeiruka mistari.

Kilichonishinda kukisahau ni chini ya sakafu. Mtunzi ameweka boriti zote, na vyuma vyembamba vinavyovutana kutoka mwisho mmoja hadi mwingine ili sakafu isilegee katikati ikibeba mzigo. Behewa likishakaa relini, hakuna jicho litakalofika huko. Hata hivyo vimo, kila kimoja mahali pake. Kwa kuvibandika kimoja kimoja nilielewa jinsi sanduku la mbao lilivyoweza kubeba tani za nafaka bila kuvunjika mgongo. Picha haikuwahi kunifundisha hivyo. Hii ndiyo sifa kubwa ya seti hii: ni nyoofu hata mahali pasipokaguliwa.

Jioni ya nne mtoto wa dada yangu, mwenye miaka tisa, aliingia akalitazama kwa heshima. Kisha akauliza, "Mjomba, linabeba nini?"

Nikamwonyesha milango. Imegandishwa kwa gundi. Haifunguki.

Yeye ana lori lake. Bodi ni ya mianzi na vipande vya paina kutoka kwa fundi, magurudumu yamekatwa kwenye ndala zilizochakaa, na usukani ni fimbo ndefu inayofika kifuani ili aendeshe akiwa amesimama. Kwa vipimo, lori hilo ni kichekesho: kichwa ni kikubwa kuliko bodi, na magurudumu ya nyuma hayalingani. Lakini mzigo wake umefungwa kwa kamba jinsi mizigo inavyofungwa kwenye malori yanayopanda Kitonga, na akifika kwenye mteremko wa nyumbani hutoa sauti ya injini inayoshushwa gia. Linabeba nyanya halisi, zile zilizopasuka ambazo mama yake hakuziuza.

Ni rahisi kusema kwamba lori la mtoto limeishinda seti. Mimi sikubali. Mtoto anajua mzigo unavyofungwa kwa sababu barabara kuu inapita wilayani kwetu, na nyanya za Ilula zinapakiwa mbele ya macho yake. Hajawahi kutengeneza behewa kwa sababu Kilolo haina reli. TAZARA, iliyoanza kujengwa 1970 na kukabidhiwa 1976, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, inapita chini huko bonde la Kilombero, inafika Mlimba, kisha inapanda hadi Makambako. Sisi wa juu tuliisikia kwa wasafiri. Mkono wa mtoto hutengeneza kile ambacho jicho lake limekiona, na hapo ndipo mchoro wenye vipimo unapohitajika: unamfikishia mtu kitu ambacho hakipiti mlangoni kwake.

Basi kasoro yangu kwa seti hii haihusu gundi wala mbao. Inahusu ni behewa la nani lililoonekana linastahili kuchorwa hadi chini ya sakafu. Behewa la TAZARA lililokatwa kwa leza sijawahi kuliona. Na hesabu haikatai. Reli ya TAZARA ina upana wa milimita 1,067. Ukiigawa kwa 120 unapata karibu milimita 9, ambao ndio upana wa reli ndogo inayouzwa duniani kote. Wajapani, wenye reli ya upana huohuo, walizoea kipimo cha 1 kwa 150 juu ya reli ileile ya milimita 9, kwa hiyo treni zao ndogo hukimbia kwenye njia iliyo pana kuliko inavyopaswa. Sisi tungeweza kuanza bila kosa hilo.

Tena muda hautusubiri. Septemba 2024, mjini Beijing, yalitiwa saini makubaliano ya kuifufua TAZARA. Reli ikifufuliwa, mabehewa ya zamani huishia kwenye vyuma chakavu. Mwanahistoria Jamie Monson, katika kitabu chake cha 2009 kuhusu reli hiyo, alifuatilia vifurushi vya wafanyabiashara wadogo waliopanda treni ya kawaida katika vituo vya huko bondeni. Mizigo imeandikwa. Mbao, boriti na bawaba zilizoibeba nazo zinahitaji mtu wa kuzipima kabla hazijayeyushwa.

Nimechukua kipande cha kadibodi, futi ya seremala na picha moja ya behewa iliyopigwa Makambako. Nimeanza kuchora kwa 1 kwa 120. Mpwa wangu ameketi pembeni akishika taa ya simu. Ametoa sharti moja tu: milango ifunguke, na ndani iingie angalau nyanya moja. Nimempigia hesabu. Kwa kipimo hiki nyanya haiingii. Amefikiri kidogo, kisha akaenda jikoni kutafuta mchele.