Faili Linalofunguka Ng'ambo

Slaidi nzuri huanzia kwenye karatasi. Katika vibanda vya kuchapa na kutoa fotokopi vya Kasumbalesa, mji wa Kongo ulio mpakani na Zambia, fundi anayeijua kazi huuliza kwanza, kabla ya kugusa kompyuta: watakaotazama ni nani, na wataketi wapi? Mwanafunzi anayekwenda Lubumbashi, kilomita zipatazo 90, kutetea kazi yake mbele ya maprofesa ana mahitaji yake. Wakala wa forodha anayewaeleza madereva utaratibu wa mpaka ana mengine, maana mbele yake watakuwapo Wakongo, Wazambia na Watanzania.

Mpakani hata mkato una uzito. Kwa desturi ya Kifaransa inayofuatwa Kongo, 1,500 ni moja na nusu. Ukivuka kwenda Zambia ni elfu moja na mia tano. Fundi makini huandika 1 500, akaacha nafasi tu, na tani za shaba zikasomeka sawasawa pande zote mbili.

Kisha huja uvumilivu. Slaidi moja, wazo moja. Aya ndefu ya mteja hupunguzwa hadi maneno sita, saba. Rangi ya njano juu ya nyeupe huondolewa, kwa sababu ukumbi wenye madirisha wazi hautaionyesha. Kisanduku cha maneno husogezwa kwa vitufe vya mishale, kidogo kidogo, mpaka ukingo wa kushoto unyooke kutoka slaidi ya kwanza hadi ya mwisho. Halafu fundi huinuka, hurudi nyuma hadi mlangoni na kusoma kutoka huko. Kinachomlazimu kukaza macho hukuzwa au hufutwa.

Programu ya PowerPoint, iliyotungwa na Robert Gaskins na Dennis Austin, ilitoka mwaka 1987 kwa ajili ya kompyuta za Macintosh. Wakati huo ilitoa kurasa nyeusi na nyeupe za kuchapishwa. Leo ina mapambo tele, maandishi yanayoruka na kuzunguka, na ustadi wa fundi huonekana katika yale anayoyaacha.

Kuhifadhi ni nusu ya kazi. Umeme hukatika bila taarifa, na programu ikiachiwa yenyewe kwa kawaida huweka nakala ya dharura kila baada ya dakika 10. Ndiyo maana vidole vya fundi hubonyeza Ctrl na S kila slaidi inapokamilika. Faili la pptx lenyewe ni kifurushi: badilisha herufi za mwisho za jina ziwe zip, lifungue, utazikuta picha zote zimepangwa ndani ya folda. Kama lori la Kasumbalesa, mzigo wote lazima uwe ndani kabla ya safari. Video iliyounganishwa tu, ikabaki kwenye kompyuta ya kibandani, haitaonekana ukumbini.

Kwa hiyo mteja hukabidhiwa nakala mbili kwenye flashi: pptx ya kurekebishwa, na PDF ambayo herufi zake hazitahama hata kompyuta ya wenyeji ikiwa ya zamani. Nyingine hutumwa kwa WhatsApp kama hati, ili picha zisipunguzwe ubora njiani. Jina la faili hubeba mada na tarehe. Hakuna "mwisho" wala "mwisho kabisa".

Haut-Katanga, mkoa wenye Kasumbalesa na Lubumbashi, iliujua ustadi wa kusimulia kwa mfululizo wa picha kabla ya kompyuta. Mwaka 1973 na 1974, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu aliichorea Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, historia yake, akamsimulia mwanaanthropolojia Johannes Fabian kila picha kwa Kiswahili cha Lubumbashi. Picha 101 zilitoka kitabuni mwaka 1996 pamoja na maneno yake, kwa kuwa maneno hayo yalikuwa yamerekodiwa.

Hapo ndipo ninapomheshimu zaidi fundi anayejaza sehemu ya maelezo chini ya kila slaidi, mahali ambapo watazamaji hawapaoni. Wengi huiacha tupu. Yeye huandika chanzo cha kila takwimu na sababu ya kila picha, ili atakayelipokea faili hilo mwakani, Chililabombwe upande wa Zambia au Dar es Salaam, aweze kulieleza kwa ukweli uleule bila kumtafuta aliyelitengeneza. Kazi hiyo inastahili malipo yake, na inastahili kufundishwa.