Mateso, Ramazani, Dieumerci: tunawabebesha nini watoto wetu wa kiume?

Wasomi wenzangu wa Fizi na Baraka, kwetu kumpa mtoto wa kiume jina ni mambo ya ukoo mzima. Baba mdogo anapiga simu toka Misisi, shangazi anatuma sauti toka Nyarugusu, pasta naye ana lake. Tukikaa sisi wenyewe tunajadili siasa, barabara ya Uvira na bei ya unga, lakini jina tunawaachia wazee. Leo nataka tulisome jina kama tulivyofundishwa kusoma maandishi yoyote: nani ameliandika, kwa faida ya nani, na nani atalipa gharama yake.

Tuanze na leta, maana leta imeingia katika majina yetu kuliko tunavyokumbuka. Mwaka 1971 nchi iliitwa Zaire. Mwanzoni mwa 1972 Joseph-Désiré Mobutu akawa Mobutu Sese Seko, majina ya ubatizo ya kizungu yakakatazwa, mapadri wakatishiwa jela, na Kardinali Malula aliyepinga akajikuta matatani. Watu wakajaza pengo kwa postnomu. Chama kimoja kilipokwisha mwaka 1990, prenomu zikarudi na postnomu haikuondoka. Njo maana leo kwenye kila karatasi tunajaza nafasi tatu: nomu, postnomu, prenomu.

Sheria ya familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, ina kifungu cha 58. Kinasema majina yatoke katika urithi wa utamaduni wa Kongo, na yasiwe ya matusi, ya kudhalilisha wala ya uchokozi. Ni sentensi nzuri, lakini haisemi urithi unapimwaje. Ukichukua kipimo cha wale wanaotaka "jina la asili tu", la Kibembe safi, Baraka yenyewe inafutika kwenye ramani, maana neno baraka ni la Kiarabu, limefika kwetu kwa njia ya Kiswahili. Karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara ilivuka ziwa toka Ujiji, ikaacha bidhaa, ikaacha majeraha ya utumwa, ikaacha pia majina: Ramazani, Amisi, Shabani, Saidi, Sumaili. Leo Ramazani ni mzee wa kanisa, Shabani anaimba kwaya, na hakuna anayewauliza walifunga mwezi gani. Jina limetoka kwa wageni, wakalibeba babu zetu, likawa letu.

Kwa hiyo mimi naona hivi: urithi si mahali neno lilipozaliwa. Urithi ni watu waliolibeba kabla yako, na bado unawakumbuka. Hapo wazee wana haki wanaposema mtoto apewe jina la babu. Mama anayemwita mwanawe wa miaka miwili "baba", kwa sababu amebeba jina la baba yake, hachezi. Anamrudisha mtu nyumbani. Lakini jina la babu lina kasoro zake. Linaleta ugomvi kati ya upande wa mume na upande wa mke, linajaza darasa moja watoto watatu wa jina moja, na mara nyingine mtoto anapendwa kwa ajili ya yule aliyekufa, si kwa ajili yake.

Kundi la pili ni majina ya tukio: Mateso, Shida, Tabu, Vita. Tunajua yametoka wapi. Toka 1996 vita vilipoanza Kivu ya Kusini, watu wa Fizi wamezaa njiani, wamezaa milimani, wamezaa kwenye mitumbwi wakielekea Kigoma. Mwisho wa 1998 yakatokea mauaji ya Makobola. Kuna wanaotetea majina haya wakisema ndiyo kumbukumbu yetu, maana hatukuwa na mtu wa kutuandikia historia, tukaiandika juu ya watoto. Hoja hiyo ina uzito. Lakini tuangalie vizuri. Katika miaka ileile, katika kambi ileile, walizaliwa pia akina Bahati, Amani na Tumaini. Mama wawili wamekimbia usiku mmoja, mmoja amemwita mwanawe Mateso, mwingine Bahati. Tukio ni moja. Basi jina halikuandika tukio, limeandika hukumu ya mzazi juu ya tukio: huyu ameona alichopoteza, yule ameona aliyebaki hai. Na hukumu hiyo mtoto anaibeba darasani kila mwalimu anaposema, "Mateso, simama usome."

Mimi nilikuwa na msimamo huo mkononi wakati mdogo wangu wa kike alipojifungua mtoto wa kiume. Baba mkwe wake, marehemu, aliitwa Mateso. Alizaliwa 1965, wakati wa vita vya msituni, akawa fundi wa mitumbwi. Familia ikagawanyika. Vijana walitaka Dieumerci, wazee walitaka Mateso, na mimi "msomi wa familia" nikaombwa kutoa neno. Nikaeleza kwa adabu yale niliyoandika hapo juu. Mjane wake akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mwanangu, kwangu mimi Mateso ni bwana yangu. Hapana ile mateso munasema."

Jibu hilo lina nguvu, na linatoka ndani ya hoja yangu mwenyewe ya Ramazani. Kama Ramazani si tena mwezi wa kufunga, bali ni ule mstari wa wazee tunaowakumbuka, basi katika nyumba ile Mateso si tena maumivu ya 1965. Ni mtu aliyejua kuchonga mbao. Tofauti ninayoiona ni hii: kumpa mtoto Mateso jipya, kwa sababu mwaka huu umekuwa mbaya, ni kumtwisha mzigo wa mzazi. Kumpa Mateso la babu ni kumpa babu. Neno moja, vitendo viwili. Lakini hilo wanalijua watu wa nyumbani. Mwalimu wa mbali na mtu wa ofisi watasikia neno tu. Kwa hiyo nilipendekeza, na ikakubaliwa, jina la babu likae kwenye postnomu, karibu na moyo wa familia, na mbele yake litangulie jina ambalo mtoto anaweza kujitambulisha nalo bila kueleza vita.

Kundi la tatu ni majina ya kusikika: Exaucé, Trésor, Dieumerci, na ya nyota wa mpira. Hapa wasomi tunapenda kucheka, lakini Dieumerci ni "asante Mungu" kwa Kifaransa, na wazee wetu wameshukuru Mungu katika majina muda wote. Kosa haliko katika lugha. Kosa liko katika kuazima jina la mtu ambaye hana uhusiano wowote na wewe. Mwaka uleule wa 1965 Che Guevara alivuka toka Kigoma akaingia milima yetu. Kwa kificho aliitwa Tatu, kwa sababu wakubwa wa kundi lake walipewa namba za Kiswahili: Dreke alikuwa Moja, mwenzao Mbili, yeye Tatu. Jina lilifanya kazi yake, na mwezi wa 11 akaondoka nalo. Fundi wetu wa mitumbwi alipewa jina lenye uchungu mwaka huohuo, akabaki nalo, akalifanya la heshima. Jina la nyota ni kama Tatu: linafanya kazi msimu mmoja, nyota akiondoka mtoto anabaki na namba.

Kuna jambo la mwisho ambalo wazee hawalioni kwa sababu haliwaumi wao, linatuuma sisi wenye diplome. Ni tahajia. Jina moja la Kibembe linaandikwa Mmunga, M'munga na Munga. Baba ameandikwa Wilondja kwa mwandiko wa Kifaransa, mtoto wake aliyezaliwa Tanzania ameandikwa Wilonja. Ramazani wa Baraka akivuka ziwa anageuka Ramadhani. Kijijini ni mtu mmoja. Mbele ya ofisi ni watu wawili, na mmoja wao hana diplome. Rafiki yangu amepoteza mwaka mzima kwa herufi moja iliyotofautiana kati ya diplome yake na karte ya uchaguzi. Sheria yetu haimruhusu mtu kubadilisha jina, hata tahajia yake tu, bila kupita tribinali. Na wenzetu waliopelekwa Marekani wamekuta fomu inayotaka jina moja la familia, wakati kwetu ndugu wanne wa baba mmoja wanaweza kuwa na majina manne tofauti, kila mmoja la mzee wake.

Basi ukosoaji wangu ni huu. Wazee wanauliza, "Jina hili ni la nani?" Wazazi vijana wanauliza, "Jina hili linasikika vipi?" Maswali yote mawili ni ya haki, lakini yanamhusu anayetoa jina. Swali linalomhusu anayelipokea tunalisahau: ataweza kulisema mwenyewe, mbele ya wageni, bila kuomba radhi na bila kuandika barua ya maelezo? Mtoto hana sauti siku ile. Sisi tuliosoma ndio tunaoweza kukaa upande wake pale wazee wanapojadili, tukiwa na heshima na kalamu.

Kalamu hasa. Mkishakubaliana, liandikeni jina kwenye karatasi, kila mtu aone herufi zake, kisha mtoto aandikishwe kwa leta ndani ya siku 90 kama sheria inavyotaka. Mpendeni kwa jina lolote mnalomwitia nyumbani. Lile la karatasini liwe moja, herufi kwa herufi, toka cheti cha kuzaliwa mpaka diplome.