Kutoka Usumbwa hadi Berlin: makala ya Kifaransa ilivyopenya

Mwaka 1897 jarida moja la Berlin lilichapisha hadithi, nyimbo na methali za Wasumbwa. Jarida lilikuwa la Kijerumani, Zeitschrift für afrikanische und oceanische Sprachen, chini ya mhariri August Seidel. Makala yenyewe ilikuwa kwa Kifaransa. Aliyeiandika ni Padri A. Capus wa Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa Algiers mwaka 1868 na kufungua misheni ya Ushirombo, Usumbwa, mwaka 1891. Ushirombo hiyo ndiyo makao makuu ya Wilaya ya Bukombe, mkoani Geita, ambako leo kijana akikwambia anatoka kazini huenda anatoka duarani, yaani kwenye shimo la dhahabu, na vumbi la karasha, mashine ya kusaga mawe, bado liko kwenye nyusi.

Nimeichagua makala hii kwa sababu wahadhiri wa Kanda ya Ziwa wenye ndoto ya kuchapisha kwenye majarida ya Kifaransa huanza na swali lisilo lao: Kifaransa changu kinatosha? Kifaransa husahihishwa. Kinachokwamisha miswada mingi ni mambo mengine, na Capus aliyapanga vizuri, iwe kwa makusudi au kwa bahati.

La kwanza ni uchaguzi wa jarida. Seidel alikuwa na jarida changa, lililoanza mwaka 1895, na Ujerumani ilikuwa imejitwalia koloni ambalo lugha zake nyingi ilikuwa haizijui. Mhariri wa namna hiyo anahitaji matini. Capus hakung'ang'ania jarida la Paris eti kwa sababu anaandika kwa lugha ya Paris. Alipeleka kitu mahali kilipokuwa kinatafutwa. La pili ni kichwa cha makala: kwa maneno machache kilitaja aina ya kazi, watu wenyewe na eneo lao, Afrika Mashariki. Hakuna fumbo, hakuna nukta pacha zenye kauli ya kifalsafa mbele yake.

La tatu ndilo ninaloliona kuwa la kiufundi hasa. Mwaka uliofuata, 1898, jarida lilelile lilitoa sarufi ya Kisumbwa ya mwandishi huyohuyo, tena kwa Kifaransa. Angalia mpangilio: matini kwanza, sarufi baadaye. Aliyetaka kubishana na kanuni za sarufi alikuwa na lugha halisi ya kupimia, iliyokwisha kuchapwa. Wengi wetu hufanya kinyume. Tunaanza na kurasa saba za nadharia, Foucault hapa, Bourdieu pale, halafu mchimbaji wa Masumbwe anatokea ukurasa wa kumi na mbili na sentensi moja iliyokatwa katikati.

Moja ya hadithi zile inaonyesha kwa nini matini hudumu. Mtu anakutana na marehemu baba yake akichunga ng'ombe wa Mtemi Kifo, anamfuata kwenye njia inayozama ardhini. Huko anamwona Mtemi mwenyewe: upande mmoja wa mwili ni mzuri, upande wa pili umeoza na funza wanadondoka. Siku watumishi wanapoosha vidonda, Mtemi anatamka mikosi kwa atakayezaliwa, atakayelima, atakayekwenda kufanya biashara. Siku ya kupaka mafuta upande mzima, anatamka baraka. Yule mtu alifika siku ya vidonda, basi umaskini ukawa fungu lake. Wachimbaji wanaohesabu siku njema na siku mbaya za kushuka shimoni hawatahitaji maelezo.

Hadithi hiyo ilisafiri. Alice Werner, mtaalamu wa Kiswahili na lugha za Kibantu aliyefundisha London, aliwasimulia wasomaji wa Kiingereza. Mwaka 1949 Joseph Campbell akaiingiza katika The Hero with a Thousand Faces, kitabu ambacho George Lucas amekitaja miongoni mwa vilivyomsaidia kutunga Star Wars. Lakini kwa Campbell msimuliaji ni kabila zima. Mtu aliyekaa akasimulia hayumo. Mswada wa hivyo ukitumwa leo utarudi na maswali: nani alisimulia, wapi, mwaka gani, kwa lugha ipi, na aliridhia nini? Katika hili wasomaji wa sasa, wale wanaoyapitia makala kwa niaba ya jarida, wako sahihi kumzidi Campbell.

Sasa mlango wenyewe. Cahiers d'études africaines, jarida la Paris lililoanza mwaka 1960, hupokea makala za Kifaransa na za Kiingereza. Jirani zaidi iko taasisi ya utafiti ya Ufaransa iliyopo Nairobi, IFRA, ambayo jarida lake kuhusu Afrika Mashariki nalo ni la lugha mbili. Majarida ya aina hii kwa kawaida hayamtozi mwandishi pesa. Ukiombwa mamia ya dola ili makala "itoke wiki ijayo", hapo unauziwa cheti.

Kipimo cha urefu huwachanganya wengi. Wafaransa hawahesabu maneno, wanahesabu alama: kila herufi, kila kituo, kila nafasi. Mara nyingi kiwango ni kati ya alama 40,000 na 60,000, tanbihi zikiwemo. Ikisiri huenda katika lugha mbili, pamoja na maneno muhimu. Alama za kunukuu ni zile pembe mbilimbili, « hivi », na nafasi ndogo huachwa kabla ya nukta pacha na alama ya kuuliza. Mhariri akiona umezingatia hayo anajua ulisoma jarida lake kabla ya kulitumia mswada.

Mswada huenda kwa wasomaji wasiopaswa kumjua mwandishi, na kuficha jina ndiko kunakowaponza watu. Unafuta jina chini ya kichwa, unasahau kwamba faili lenyewe linalihifadhi kwenye taarifa zake. Au tanbihi ya nne inasema "kama nilivyoonyesha katika tasnifu yangu", ikitaja na chuo. Kwa anayeandika juu ya maduara liko tatizo la pili, la kuwaficha waliohojiwa. Ukiandika "mwenye duara, mwanamke, rashi (mkurupuko wa dhahabu) ya mwaka fulani, kijiji fulani", machimboni kote wameshamjua, na mgogoro wake wa mgawo na mwenye leseni umeanikwa. Taja wilaya, acha kijiji. Maneno yake ya Kisukuma au Kiswahili yaweke kwenye tanbihi kama alivyoyasema, tafsiri ya Kifaransa ikae juu.

Majibu ya wasomaji yakija na "marekebisho makubwa", usiyasome kama kukataliwa. Yajibu hoja kwa hoja katika barua ya pembeni, ukionyesha ukurasa uliobadilika, na pale unapokataa toa sababu.

Halafu zinakuja prufu. Hapa rudi kwenye majina ya mahali, maana mhariri wa lugha aliyeko Paris hawezi kukusaidia. Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012. Kabla ya hapo Bukombe ilikuwa Shinyanga. Mahojiano ya Ushirombo ya mwaka 2009 yalifanyika Mkoa wa Shinyanga, na yale ya 2015, pengine kwenye baraza lilelile, Mkoa wa Geita. Usipoweka tanbihi, mtu atakupigia hesabu ya mikoa miwili.